Mtoto wa Jirani

Mdogo wangu Zuleha hakuwahi kuomba maji kwa kusema naomba maji. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono imening'inia, macho ukutani, akasema kwa sauti ya yule kijana anayeuza maji stendi ya Mpanda: "Maji ya baridi, maji ya baridi, mia tano tu!" Sauti ilikuwa ile ile, hata mkwaruzo wa kooni. Wageni walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nampa kikombe.

Mama anasema Zuleha hakutamka neno mpaka alipofika miaka mitano. Asubuhi moja, mama akiwa anachambua mchele, mtoto akaanza kutoa tangazo la sabuni la redioni, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea. Mama akalia kwa furaha, akachinja kuku. Hakujua kwamba itakuwa hivyo siku zote, kwamba Zuleha atasema kwa maneno ya watu. Akiumwa tumbo alisema kama nesi wa zahanati: "Unaumwa wapi, mama? Onesha kwa kidole." Akitaka kutoka nje alisema kama mpiga debe: "Tabora, Tabora, gari inaondoka!" Akifurahi alitangaza goli, akalivuta mpaka pumzi ikamwishia.

Nimempita miaka minane. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kuvaa viatu, na katika nyumba yetu mimi ndiye niliyejua kumfasiri. Baba alisema mtoto anaropoka. Mama alisikia nusu, nusu akabahatisha. Mimi nilijua kwamba Zuleha hasemi ovyo. Kila neno alikuwa ameliokota siku aliyohisi jambo fulani, na alilirudisha siku alipohisi jambo lile tena. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nilijua. Siwezi kujificha nyuma ya kutokujua.

Nyumba yetu iko Makanyagio, nyuma ya duka la baba. Baba anaitwa Tamimu, na mjini wanamjua kwa magodoro, ndoo na mabeseni. Mama, Mwanaiddi, ni mzaliwa wa Ikola, kule ziwani. Zuleha alipokuwa mdogo alishinda dukani akipanga mabeseni, kubwa chini, dogo juu, rangi kwa rangi, na wateja walimpenda. Alipoanza kukua, akawa anazishika nguo za watu ili asikie vitambaa, na kupiga kelele mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, wateja wakaanza kunong'ona. Baba akamkataza dukani.

Baba alihangaika naye kwanza, lazima niseme. Alimpeleka kwa mganga mmoja kule Ugalla, akamleta shehe mmoja kutoka Kigoma, akanunua dawa za kufukiza na za kuoga. Zuleha alilia kwa moshi mpaka akatapika. Baada ya miaka kadhaa baba akachoka, na uchovu wake ukageuka hasira, na hasira ikamwangukia mama.

"Kwetu hakuna mtoto wa namna hii," alikuwa akisema.

"Na kwetu nani umemwona?" mama alimjibu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia kila mara. Usipoingia chumbani ukafunga mlango, utasikia mengine, na utasikia kofi. Zuleha alikuwa anaingia chini ya meza ya chakula, ameziba masikio kwa viganja, anayumba mbele na nyuma. Tulidhani akiziba masikio hasikii.

Nilikwenda kusoma ualimu Tabora. Mwaka wa pili mkufunzi mmoja, Madam Séverine, alifundisha kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu, akaandika ubaoni neno usonji. Akaeleza mtoto anayerudia maneno ya wengine, asiyekutazama machoni, anayeumizwa na sauti ambazo wengine hawazisikii. Niliandika jina la Zuleha pembeni ya daftari langu. Kumbe mdogo wangu alikuwa na jina la hali yake, na wenzake wako dunia nzima.

Likizo nilimwambia baba. "Baba, siyo majini. Ni usonji. Hakulogwa, na siyo kosa la mama wala lako."

Aliweka kikombe chini. "Nimekusomesha ili uje unifundishe mtoto wangu?"

Nilikuwa nimeshasema mara moja, nikajiona nimetimiza wajibu. Sikulirudia lile neno katika nyumba ile.

Mwaka juzi nikapata kazi shule moja ya msingi huku huku Mpanda, na nikakutana na Naseeb. Yeye na baba yake mkubwa wana mashine ya kukoboa mpunga, na shule yetu ilikuwa inanunua mchele kwao. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayecheka polepole. Siku za mwanzo aliniuliza, "Nyumbani mmezaliwa wangapi?"

Nikamjibu, "Niko peke yangu."

Sijui nilifikiria nini. Nadhani niliogopa ataniuliza kama kitu kile kimo kwenye damu, kama na watoto wetu watakuwa hivyo. Nilikuwa na jibu la darasani la swali hilo, lakini sikutaka kuulizwa. Na uongo wa namna ile ukishautoa, hupati siku nzuri ya kuurudisha. Naseeb hakuwa amefika kwetu, maana kwetu kijana haingii nyumbani kabla ya barua ya posa.

Barua ikaletwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Waliokuja ni baba yake mkubwa, shangazi yake, mshenga, na Naseeb mwenyewe, ambaye kwa desturi hakupaswa kuja lakini ndiye aliyeendesha gari. Siku mbili kabla, jikoni, tukajadili Zuleha atakuwa wapi.

"Nitakaa naye chumbani kwangu," mama alisema. "Nitamshika mkono. Nikimshika hatulii lakini hapigi kelele."

"Mama, wewe ndiye mama wa binti. Shangazi yake akiuliza uko wapi tutasema nini?"

"Basi akae na sisi. Avae gauni lake zuri, akae. Kwani ni mwizi?"

Sikuwa nimemwambia mama niliyomwambia Naseeb. Nilitazama chini, nikasema, "Akae stoo. Masaa mawili tu. Kule kuna magodoro, atalala. Anapenda magodoro."

Mama alinitazama sana. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani hakuna siku aliyowahi kukubaliana nami haraka vile. "Hadia amesema vizuri," akasema. "Stoo."

Kwa hiyo mtu akisema baba yangu ndiye aliyemfungia, anasema nusu. Baba aliweka kufuli. Wazo lilikuwa langu.

Mwezi wa kumi Mpanda unaujua, mvua bado, mabati yanawaka. Stoo ile haina dirisha. Nilimpeleka mwenyewe baada ya adhuhuri. Nilimpa chupa ya maji na mabeseni madogo matano. Alikaa juu ya godoro lililofungwa nailoni, akaanza kulipapasa, na aliposikia kufuli likigonga nje hakusema kitu. Nikajiambia ameridhika. Nikaenda kujipaka hina ya vidole iliyobaki.

Wageni walifika baada ya alasiri. Tuliwakaribisha, wakanywa soda, wakala sambusa. Baba alikuwa amevaa kanzu mpya na alikuwa mwenye utani mwingi. Mgeni angemwona angesema nyumba hii ina bahati. Mshenga akatoa bahasha, akaanza maneno yake ya kuzunguka zunguka, eti wamepita njiani wakaona ua. Mimi nilikuwa chumba cha pili, pazia limeshushwa nusu. Kisha shangazi wa Naseeb akaomba niletwe anione, nikatoka na ushungi wangu, nikakaa mkekani.

Ndipo nikasikia kishindo. Kilitoka nyuma ya nyumba, taratibu, kama mtu anayetwanga. Nilikijua. Zuleha akizidiwa hupigiza kichwa ukutani.

Baba akapandisha sauti kidogo. Mshenga naye akapandisha. Kishindo kikaendelea. Nikamwona mama, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, anainuka na kutoka. Nilijua anakwenda wapi, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti la baba lililoning'inia ukumbini. Ningeweza kumfuata. Ningeweza kukaa na Zuleha nje, kwenye kivuli cha ukuta, nimpapase paji la uso polepole kwa kiganja kama nilivyozoea. Nilibaki mkekani nikipanga pindo la gauni.

Zuleha akaingia sebuleni. Mama alikuwa nyuma yake anajaribu kumshika, lakini Zuleha alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu kuliko mama. Gauni limelowa jasho, paji limevimba, nywele zimejaa vumbi la nailoni. Alisimama katikati ya wageni, macho kwenye feni. Halafu akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba.

"Nimechoka na hilo balaa lako, Mwanaiddi! Bora lingefia tumboni! Litoe nyumbani kwangu kabla sijalitoa mwenyewe!"

Kila kitu kilikuwamo, ule ukali na kile kikohozi kifupi ambacho baba hukitoa katikati ya maneno. Kisha, bila kupumzika, sauti ikageuka, ikawa nyembamba, ikawa ya mama. "Tamimu, usinipige. Tamimu, watoto wanasikia. Tamimu."

Baba yake mkubwa Naseeb alikuwa ameshika chupa ya soda, hakuinywa wala hakuiweka chini.

Watu wote mle ndani walisikia siri ya nyumba yetu. Mimi nilisikia kitu kingine. Maneno yale Zuleha alikuwa ameyaokota chini ya meza, siku za hofu, na sasa alikuwa anayatumia kwa kazi yake ile ile. Alikuwa anasema naogopa. Alikuwa ametoka gizani, kwenye joto, akaja moja kwa moja pale nilipokaa mimi, mtu wa pekee anayemwelewa, kuniambia kwamba anaogopa.

Shangazi yake Naseeb akanigeukia. Aliuliza kwa upole, nadhani alitaka kusaidia. "Huyu binti ni nani, mwanangu?"

Nikasema, "Mtoto wa jirani. Hana akili vizuri. Ana tabia ya kuigiza igiza watu."

Nilisema bila kigugumizi. Nilipoinua macho nikamwona mama mlangoni, na Naseeb nyuma ya kiti cha baba yake mkubwa, wote wawili wananitazama.

Baba aliinuka, akampiga Zuleha kofi la mdomoni, kwa mgongo wa mkono wenye pete. Zuleha hakulia. Aliyumba, akagusa mdomo wake, akaona damu kwenye vidole, akaendelea kuvitazama vidole vile. Mama akamkumbatia, akamtoa. Wageni wakaondoka wakisema maneno ya adabu, mambo haya yanahitaji subira, tutawasiliana. Bahasha waliiacha mezani.

Alfajiri yake nikamkuta mama uani amefunga vitu kwenye mfuko wa salfeti na begi langu la zamani la chuo. Zuleha amekaa kwenye ngazi, mdomo umevimba.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwetu. Ikola."

"Mama, nisamehe. Nilichanganyikiwa. Wale watu walikuwa wananitazama..."

Alikaza kamba ya mfuko kwa meno. Halafu akasema, tena bila hasira, na ndiyo maana bado nayasikia maneno yale, "Baba yako nilimjua toka zamani, Hadia. Wewe ndiye sikukujua."

Walitoka na basi la kwanza. Nilimsogelea Zuleha nimuage, nikaweka kiganja changu kwenye paji lake kama siku zote. Akakiondoa. Hakukitupa, alikishika kwa vidole viwili, akakiweka pembeni kama kitu cha mtu.

Naseeb alinipigia siku ya nne. "Yule ni mdogo wako," alisema. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini ulimkana?"

Nililia, naye alisubiri mpaka nikamaliza. Hakuniacha. Watu hutarajia niseme aliniacha, na pengine ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Tulifunga ndoa mwaka uliofuata, watu wachache. Mama alikuja peke yake, akakaa na wageni, akala, akanipa mkeka mzuri wa ukindu, akaondoka siku ile ile. Naseeb ni mume mwema. Lakini kuna wakati nikimhadithia jambo, hata dogo tu la shuleni, naona anasubiri kidogo kabla ya kuniamini.

Nilikwenda Ikola mara ya kwanza miezi mitatu baada ya wao kuondoka. Nilikuta mama na mdogo wake, mama mdogo Dina, wanaanika dagaa ufukweni. Zuleha alikuwa nao. Alikuwa anatandaza dagaa juu ya nyavu kwa mistari iliyonyooka, kisha anarudi mwanzo kuwageuza, mstari kwa mstari, na wanawake wengine walikuwa wamemwachia sehemu yake bila ya mtu kumwingilia. Hakuna mashine ya kusaga karibu pale. Kuna maji tu na injini za maboti, ambazo hazimsumbui, sijui kwa nini.

"Anaendeleaje?" nilimwuliza mama.

"Anakula. Analala usiku. Kazi anaipenda."

"Anasema nini siku hizi?"

Mama alikuwa anachagua takataka kwenye dagaa. "Hasemi. Toka siku ile ya barua hajasema. Hata moja."

Sikuelewa mara moja. Nikamwendea Zuleha, nikachuchumaa mbali kidogo, nikasema, "Maji ya baridi, maji ya baridi." Nikasema la nesi. Nikasema la mpiga debe, nikatangaza goli mpaka wanawake wakageuka kunitazama. Aliendelea kugeuza dagaa. Nilikuwa naongea lugha yake vizuri kabisa, na yeye alikuwa ameiacha.

Baba alikwenda mara moja. Hakuniambia, nilisikia kwa mama mdogo Dina. Alishuka kwenye basi na godoro jipya begani, mtu mzima wa miaka sitini. Zuleha alipomwona aliingia ziwani na nguo zake, akatembea mpaka maji yakafika kifuani, akasimama huko amempa mgongo. Mama alimwambia baba, "Ondoka atoke." Akaondoka. Alikaa barabarani akisubiri gari mpaka jioni, na godoro akaliacha kwa mwenye kibanda cha chai. Siku hizi akifunga duka anakuja kwangu kula. Ameniuliza mara mbili lile neno nililomletea kutoka chuoni linaitwaje, na mara zote mbili amelirudia polepole na kuitikia kwa kichwa. Nimemweleza yote ninayoyajua. Anasikiliza kama mwanafunzi mzuri. Simchukii, maana nikianza kumchukia sijui nitaishia wapi.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mama alinipigia wakati wa mapumziko ya saa nne. Sauti yake ilikuwa juu.

"Amesema!"

"Nani?"

"Zuleha! Jana. Wanunuzi wa Kongo walikuja kupima mzigo, akawaita kwa sauti ya Dina: 'Karibuni, huyu hana mchanga, tafuna uone!' Watu wamecheka mpaka basi. Na leo tena."

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda basi kesho yake. Njia nzima nilikuwa najipanga nitakavyokaa, sitamsemesha, sitamgusa, nitakaa tu nisikie. Nilikaa Ikola siku tatu. Niliamka nao alfajiri maboti yakirudi, nikabeba ndoo, nikanuka dagaa kama wao. Zuleha alifanya kazi karibu nami bila kukimbia. Nilipomkosea mstari, aliunyoosha. Lakini hakusema. Wanunuzi walikuja, wakapita. Alinitazama upande, akafumba mdomo. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mama mdogo Dina alijaribu kumchokoza, akamwita, akamtania. Hakuna kitu.

"Labda amechoka," mama alisema siku ya tatu. Hakuwa mwongo mzuri.

Asubuhi ya nne nilipanda basi la kurudi. Mama alinisindikiza, akanifungia dagaa kwenye mfuko, akasema, "Usikate tamaa kuja." Nilimwambia ruhusa ya shule imekwisha. Tulikuwa hatujafika mbali, tumeanza kupanda vilima na ziwa bado linaonekana kushoto, simu ikaita.

"Hadia," mama alisema. Nyuma yake nilisikia wanawake wanacheka kwa pamoja. "Sijui nikwambie au nisikwambie."

"Niambie tu, mama."

"Ameanza tena. Basi lilipokata kona tu."

"Anasema nini?"

"Mengi. Anawaita wanunuzi. Anamwigiza Dina, anamwigiza mzee wa nyavu. Subiri, nikusogezee simu umsikie."

Nilisikia upepo, na miguu ya mama ikikanyaga mchanga kwa haraka. Nilibana simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kiganja. Basi likaingia bondeni, na mtandao ukakatika.